Maisha ya Ibn Battuta, Msafiri wa Tangier

Na mwanafunzi wa zamani, Muhuta

Mhariri wa ukurasa wetu wa Kiswahili ameniandikia kuniomba nitoe habari za maisha ya mtu mmoja mashuhuri wa zamani, naye akaniachia hiari ya kumchagua. Nimemchagua Ibn Battuta kwa sababu mbili. Kwanza, yeye ni mmoja wa watu wachache wa zama zile waliofika kwa Waswahili wakaacha habari zao katika kitabu. Pili, mwaka 2023 nilijaliwa kufika mahali pamoja alipopita yeye katika jangwa la Uarabuni, nikaona kwa macho yangu jambo alilolieleza miaka karibu mia saba iliyopita. Tangu siku ile simsomi tena kama nilivyokuwa nikimsoma.

Jina lake hasa ni Muhammad bin Abdullah. Ibn Battuta ni jina la ukoo. Alizaliwa katika mji wa Tangier, nchi ya Moroko, mwezi wa Februari 1304. Wazee wake walikuwa Waberberi wa kabila la Lawata, na katika ukoo huo walitoka makadhi wengi. Yeye naye alisomeshwa sheria, na elimu hiyo ndiyo iliyokuwa nauli yake maisha yake yote, kwa maana popote palipokuwa na Waislamu palitakiwa mtu wa kuamua kesi.

Tarehe 14 Juni 1325, akiwa kijana wa miaka 21, alitoka kwao kwenda kuhiji. Hakuwa na mwenzi wala msafara wa kuandamana nao. Baba na mama walikuwa hai wote wawili. Aliwaaga, akapanda mnyama wake, akashika njia ya mashariki. Hakuwaona tena.

Iko habari moja ya mwanzo wa safari hiyo ambayo naipenda kuliko nyingi za wafalme na majumba. Alipofika Tunis, baada ya kushikwa na homa njiani hata akajifunga kwa kilemba juu ya tandiko asianguke, watu wa mji walitoka kuwalaki wasafiri. Kila mmoja akasalimiwa na jamaa au rafiki. Yeye hakusalimiwa na mtu, maana hapakuwa na amjuaye. Akalia machozi. Haji mmoja akamwona, akamwendea na kuzungumza naye mpaka wakaingia mjini. Kijana yeyote wa Muhuta au Rumonge aliyepata kushuka garini mbele ya shule ya bweni na sanduku lake kichwani, asijue alale wapi, anajua kilio hicho ni cha namna gani.

Lakini hakudumu mnyonge. Msafara ulipoondoka Tunis, yeye ndiye aliyefanywa kadhi wake. Kabla ya kufika Misri alikuwa ameoa, amegombana na mkwewe, ameacha, na ameoa tena, akafanya karamu iliyosimamisha msafara siku nzima! Huko Alexandria aliuona mnara ule maarufu wa kale, upande mmoja umebomoka. Aliporudi mwaka 1349 aliukuta umeanguka kiasi cha kutoingilika. Tena katika mji huo sheikh mmoja mchaji alimtabiria ya kuwa atafika Bara Hindi na Uchina, akamwambia awasalimie ndugu zake watatu walioko huko. Kijana alikuwa hajawaza nchi hizo hata kidogo.

Alitaka kuvuka Bahari ya Sham kutoka Aydhab, lakini vita vilikuwa vimeharibu vyombo bandarini, akarudi nyuma njia yote ya mto Nile, akaenda Damascus. Kutoka mji huo, mwanzo wa Septemba 1326, alifuatana na msafara mkubwa wa mahujaji wa Sham kwenda Madina na Makka. Na hapa ndipo pahala ninapotaka kukaa kidogo.

Sisi wa Muhuta tunaamka na ziwa miguuni petu. Mlima unateremka mpaka majini, na mtu akitaka maji hutuma mtoto. Kwa hiyo si rahisi kwetu kufahamu njia ile. Msafara ulipofika Tabuk ulipumzika siku 4 kwenye chemchemi. Wachota maji walikuwa na mabirika makubwa ya ngozi za nyati, mfano wa visima vidogo, wakanyweshea ngamia humo na kujaza viriba. Kisha wakaondoka kwa haraka, wakitembea usiku na mchana, kwa kuliogopa jangwa lililo mbele. Katikati ya njia hiyo kuna bonde ambalo mwaka mmoja upepo wa moto uitwao samum uliwapata mahujaji, maji yakakauka, hata kinywaji kimoja kikafika bei ya dinari elfu. Aliyenunua akafa na aliyeuza akafa. Ibn Battuta asema habari hiyo iliandikwa juu ya mwamba mmoja wa bonde lile.

Siku ya tano kutoka Tabuk wakafika al-Hijr. Pana visima vingi hapo, na watu walikuwa na kiu kali. Wala hapana aliyekunywa. Imepokewa kwamba Mtume Muhammad, alipopita hapo akienda Tabuk mwaka 630, aliwakataza watu wake kutumia maji yale, kwa kuwa mahali hapo palikuwa pa Thamud, watu wa Nabii Saleh walioangamizwa. Basi msafara mzima, wenye kiu ya siku tano, ukapita kando ya visima ukaenda zake. Ibn Battuta akatazama milima myekundu iliyochongwa, akaona milango yenye vizingiti vya nakshi ambayo mtu angedhani imekwisha kazi jana, na ndani yake mifupa iliyooza. Akazieleza kuwa ni nyumba za Thamud.

Baada ya mwendo usiozidi nusu siku wakafika al-Ula. Hiki kilikuwa kijiji kikubwa na kizuri, chenye bustani za mitende na maji ya chemchemi. Mahujaji walikaa siku 4, wakafua nguo, wakanunua vyakula, na wakaacha hapo mizigo wasiyoihitaji mpaka warudi, kwa sababu wenyeji walikuwa waaminifu. Wafanyabiashara Wakristo wa Sham walifika mpaka hapo kuuza bidhaa, wala hawakupita mbele zaidi.

Nami nilifika al-Ula kutoka upande mwingine, yaani kutoka Madina, baada ya Umra, pamoja na wenzangu watatu katika gari la kukodi. Ni zaidi ya kilomita 300. Njia ni nzuri, ya lami, lakini macho huchoka kutazama mawe na mchanga, mawe na mchanga. Kisha ghafula bonde likafunguka kati ya majabali, na chini yake mitende imesongamana kijani kibichi kama michikichi ya Rumonge. Mji wa kale wa al-Ula ungalipo, nyumba za mawe na udongo zilizobanana hata njia nyingine zimefunikwa juu kama pango. Watu waliendelea kukaa humo mpaka karne iliyopita. Sasa ni magofu ya kutazamwa na wageni.

Al-Hijr yenyewe, ambayo wengine huiita Mada'in Saleh na wageni wa Ulaya huiita Hegra, iko kaskazini, karibu kilomita 20. Mtu haruhusiwi kuzunguka peke yake. Hupandishwa basi pamoja na kiongozi. Majabali yamesimama mbalimbali juu ya mchanga kama viboko waliolala, na kila jabali limechongwa milango. Makaburi makubwa ni 111, na 94 kati yake yana mapambo. Juu ya mlango huchongwa ngazi zinazopanda kulia na kushoto, na katika mengine tai aliyekunjua mabawa, ambaye mara nyingi kichwa kimevunjwa. Kubwa kuliko yote ni lile lililo peke yake katika jabali moja uwandani. Halikumalizika. Juu limelainishwa vizuri, chini bado jiwe ni gumugumu na alama za patasi zinaonekana, na kwa hiyo hata asiye fundi anatambua ya kuwa wachongaji walianza kileleni wakashuka. Fundi wetu wa kujenga huanza na msingi. Hawa walianza na paa!

Niliingia katika kaburi moja lililo wazi. Ndipo nikamkumbuka Ibn Battuta. Yeye alisema ni nyumba. Lakini hamna dirisha. Hamna jiko wala masizi ya moto darini. Katika kuta mmechongwa mashubaka, na kila shubaka ni urefu wa mtu aliyelala. Juu ya milango mingi kuna maandishi katika lugha ya Wanabatea, watu wale wale waliochonga mji wa Petra katika nchi ya Jordan na waliokuwa wakisafirisha ubani na manemane kwa ngamia. Maandishi hayo humtaja mwenye kaburi, mwaka wa mfalme, na faini itakayomlipisha mtu akithubutu kumzika mgeni humo. Yenye tarehe ni ya kutoka mwaka 1 kabla ya Kristo hadi mwaka 75 baada yake. Kaburi moja lilikuwa la bibi aitwaye Hinat, na kutokana na mifupa ya mwanamke iliyopatikana humo wataalamu walitengeneza sura ya uso wake, ikaonyeshwa mwaka 2023. Ni uso wa mama wa makamo, ambaye ungempita sokoni bila kugeuka.

Je, Ibn Battuta alidanganya? La. Katika kuamua jambo hili ni lazima tutenge vitu viwili: alichokiona na alichoambiwa. Milima ni myekundu, ndivyo ilivyo. Vizingiti vina nakshi, na upya wake wa ajabu nimeushuhudia. Mifupa ilikuwamo. Visima viko, na wataalamu wamehesabu vipatavyo 130. Kwamba ni nyumba, hilo aliambiwa, kama alivyoambiwa kila haji kabla yake na baada yake. Habari za Thamud ni za kale kuliko Wanabatea, nazo wenye elimu ya dini wanazo mahali pake; mimi nasema juu ya milango hii iliyochongwa tu. Kijana wa miaka 22, aliyepita hapo na msafara wenye kiu na haraka, alituletea nakshi na mifupa salama. Nadhani ni kazi nzuri.

Sasa nirudi kwenye maisha yake. Alihiji, akaenda Iraki na Uajemi, akarudi Makka akakaa kusoma. Kisha mwaka 1331, kama wengi wanavyohesabu, alipanda chombo huko Aden akaja kwetu, maana Mswahili wa ziwani naye ana haki ya kusema kwetu. Mogadishu alilishwa wali wa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, ndimu za kutiwa chumvi, tangawizi mbichi na maembe, akashangaa jinsi wenyeji walivyo wanene! Mombasa alilala usiku mmoja. Akaona watu wanyofu wenye ndizi na ndimu tele lakini nafaka yao yaletwa kutoka Sawahil, na misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri, ambayo mtu haingii ila ametawadha miguu mlangoni. Neno hilo Sawahil, ambalo ndilo mama wa jina letu, yeye alikwisha kulitumia.

Kilwa aliisifu kuwa ni miongoni mwa miji mizuri. Sultani wake alikuwa Hasan bin Suleiman, aliyepewa lakabu ya Baba wa Vipawa. Siku moja, watu wakitoka msikitini Ijumaa, fakiri mmoja wa Yemen alimsimamisha njiani akamwomba nguo alizozivaa mwilini. Sultani akarudi ndani, akavaa nyingine, akampa zile. Mwanawe akazikomboa kwa fakiri kwa watumwa 10. Sultani alipoona watu wanavyomshukuru, akaamuru fakiri aongezewe watumwa 10 wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Baada ya Hasan kufa akatawala nduguye Daudi, ambaye mwombaji akija humjibu kwamba yule aliyekuwa akitoa amekwisha kufa.

Hadithi hii husomwa kwa kicheko, nami hucheka kwa huyo Daudi. Walakini tusipite haraka. Watu 20 walitolewa siku ile kama mtu atoavyo mbuzi, na Ibn Battuta, kadhi na mchaji, hakuona neno. Yeye mwenyewe alinunua watumwa na kuwapa watu katika safari zake zote. Sisi tulio ukingo wa ziwa, ambako misafara ya Ujiji ilichukua watu wetu katika karne ya 19, hatuwezi kusoma majina ya vipawa hivyo bila kujiuliza kila mmoja alikuwa mwana wa nani. Kitabu hakisemi. Magofu ya Kilwa, na jumba la Husuni Kubwa lililojengwa na huyo Sultani Hasan, yangalipo kisiwani, nayo yamo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 1981.

Nchi zilizofuata nitazipitia upesi, kwani ni nyingi mno: Omani, Hormuz, nchi za Waturuki, nyika za Watatari, Konstantinopoli, Bukhara. Mwezi wa Septemba 1333 alifika mto Indus. Huko Delhi Sultani Muhammad bin Tughluq alimfanya kadhi kwa mshahara wa dinari 12,000 kwa mwaka, ijapokuwa hakujua lugha ya watu aliowahukumu. Sultani huyu alikuwa mtoaji mkubwa na muuaji mkubwa. Mlangoni pake hapakosi fukara aliyetajirishwa wala maiti ya aliyeuawa. Ibn Battuta naye alitiwa walinzi siku kadhaa kwa sababu alimzuru sheikh aliyekuwa amechukiwa. Sheikh akauawa, yeye akaokoka, akagawa mali yake akavaa nguo za kifukara. Kisha akaitwa tena, akatumwa balozi kwa mfalme wa Uchina.

Ubalozi huo uliishia Calicut. Alibaki pwani kwa ajili ya sala ya Ijumaa, tufani ikapiga, jahazi lenye zawadi za mfalme likavunjika na waliomo wakafa, na chombo cha pili chenye mali yake kikatweka tanga kikaenda bila yeye. Akasimama mchangani na dinari 10 na busati la kulalia. Hakuthubutu kurudi Delhi. Akaenda visiwa vya Maldivi, akawa kadhi, akaoa wake wanne. Akawaamuru wanawake wajifunike kifua, wala hawakumsikia. Kadhi mzima akashindwa! Baadaye Ceylon, Bengali, Sumatra, na mwisho bandari za Uchina. Njiani maharamia wa Bara Hindi walimnyang'anya kila kitu, pamoja na karatasi alizonakili maandishi ya makaburi ya Bukhara. Jambo hili la karatasi tulikumbuke.

Alianza kurudi. Mwaka 1348 alifika Damascus. Zamani alikuwa amemwacha huko mke mwenye mimba, naye alizaa mtoto wa kiume. Akauliza habari za mtoto, akaambiwa amekufa miaka 12 iliyopita. Akauliza habari za Tangier, akaambiwa baba yake amekufa miaka 15. Mwaka huo huo tauni ile kubwa iliyoitwa Kifo Cheusi ilikuwa ikiteketeza Sham na Misri, na watu walikufa kwa maelfu kila siku. Akapita katikati yake, akahiji mara ya mwisho, akaingia Fez Novemba 1349. Kabla ya kufika alikuwa amepata habari kwamba mama yake naye amechukuliwa na tauni, miezi michache tu kabla yeye hajarudi. Alikwenda Tangier kuzuru kaburi. Mtembezi hula miguu yake, wasema wazee, na mimi kila nikisoma sehemu hii naona alikuwa amekula zaidi ya miguu.

Hata hivyo hakutulia. Alivuka kwenda Hispania, kisha Februari 1352 akaingia jangwa la Sahara kwenda nchi ya Mali. Baada ya siku 25 alifika Taghaza, kijiji ambacho nyumba zake na msikiti wake vimejengwa kwa mawe ya chumvi, na mapaa ni ngozi za ngamia.

Niliposoma habari hii darasani hapa Muhuta, kijana mmoja alisimama akasema kwa adabu kwamba mtu huyo ni mwongo. Baba yake ni mchuuzi wa chumvi na ndagala, naye amekwisha kuona gunia la chumvi lililonyeshewa usiku mmoja limebaki nini. Wenzake wakacheka, na mimi nikampa haki yake, maana katika mvua zetu, zinazoteremsha mawe na tope kutoka mlimani hata kufunga barabara pale Gitaza, nyumba ya chumvi isingefika Pasaka. Lakini Taghaza mvua hainyeshi, ila kwa nadra sana. Chumvi huko huchimbwa kwa mabamba makubwa, na hakuna mti wala udongo wa kujengea. Mtu hujenga kwa alichonacho. Kijana akakaa chini akifikiri, wala sina hakika kama alisadiki.

Hakuwa wa kwanza kumkatalia. Ibn Battuta aliporudi Fez na kuzisimulia habari za Sultani wa Delhi, watu wa jumba la mfalme walinong'onezana kwamba anatunga. Mwanachuoni mkubwa Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, ndiye aliyeandika habari hiyo. Naye alikuwa na shaka, akamwambia waziri Faris bin Wadrar. Waziri akamwonya asikatae jambo kwa kuwa tu hajaliona, akampa mfano wa mtoto wa waziri mmoja aliyelelewa gerezani pamoja na baba yake. Mtoto huyo aliuliza nyama wanayokula ni ya nini, akaambiwa ya kondoo. Baba akamweleza kondoo alivyo. Mtoto akauliza kama amefanana na panya, kwa maana gerezani hakupata kuona mnyama mwingine.

Tena jambo hili halikuwapata Waarabu tu. Wengi wetu tumepelekwa kuliona jiwe la Mugere, kaskazini ya hapa kwenye njia ya Bujumbura, ambapo Livingstone na Stanley walifikia Novemba 1871. Stanley aliporudi Uingereza mwaka 1872 wako waliosema hakumwona Livingstone hata kidogo na barua alizoleta ni za kughushi, mpaka jamaa za Livingstone walipouthibitisha mwandiko. Ibn Battuta hakuwa na barua ya mtu.

Basi Sultani wa Moroko, Abu Inan, aliamuru safari zote ziandikwe. Mwandishi alikuwa Ibn Juzayy, mtu wa Granada, hodari wa mashairi. Ibn Battuta alisimulia kwa kumbukumbu, karatasi zake nyingi zikiwa zimepotea baharini, yule akaandika. Ikamalizika Desemba 1355. Kwa miaka 30 hivi alikuwa ametembea mwendo unaohesabiwa kuwa yapata kilomita 117,000. Ni lazima niseme wazi kwamba si yote yaliyomo ni yake. Maelezo mengine ya Damascus, Makka na Madina yalinakiliwa kutoka kitabu cha Ibn Jubayr, msafiri aliyemtangulia kwa karne moja na zaidi. Safari yake ya kwenda Bulghar kaskazini, wataalamu wengi hawaikubali, na wengine wana shaka hata juu ya Uchina. Tarehe zake nazo hugongana. Mimi sioni ajabu. Mtu wa miaka 50 anayekumbuka mambo ya ujana bila karatasi ataruka mahali na kuchanganya mahali, na mwandishi mwenye kupenda maneno mazuri atajaza pengo kwa kitabu kilicho karibu. Lakini visima vya al-Hijr, chumvi ya Taghaza, na mlango wa msikiti wa Mombasa ambapo watu huosha miguu, hivyo havikutoka kwa Ibn Jubayr.

Miaka yake ya mwisho alikuwa kadhi katika mji mmoja wa Moroko, akafa mwaka 1368 au 1369. Tangier wanaonyesha chumba kidogo katika mtaa wa zamani kuwa ndicho kaburi lake. Kitabu kilikaa karibu miaka 500 kikijulikana kwa wachache tu, mpaka Wafaransa walipoitwaa Algeria baada ya mwaka 1830 na nakala zake zikapatikana huko. Zilipigwa chapa Paris, vitabu vinne, kutoka 1853 hadi 1858. Habari za Mombasa na Kilwa zimo katika kitabu cha pili, kilichotoka 1854. Cha nne kilipotoka, Burton na Speke walikuwa wamekwisha kufika Ujiji, Februari ya mwaka ule ule, wakiwauliza wavuvi upande wa kaskazini wa ziwa hili kuna nini.